Grisi, oili chafu au gia oili? Namna ya kuchagua kilainishi cha cheni ya pikipiki yako ya shambani

Siku nyingi tunaongea hapa mbegu, mbolea na dawa. Leo nataka tuongee mashine ambayo karibu kila kijana anayelima kibiashara anaitegemea kila siku: pikipiki. Na kwenye pikipiki nachagua kitu kimoja tu, cheni, kwa sababu ndiyo inayosahaulika kuliko vyote, na ikikatika inakatika ukiwa na mzigo.

Swali ninaloulizwa sana nikipita vijijini ni hili: "Bwana shamba, cheni nipake nini?" Mmoja anapaka grisi. Mwingine oili chafu aliyoimwaga kwenye injini. Mwingine hapaki kabisa, anakwambia mafuta yanashika mchanga. Kila mmoja ana sababu yake, na kila mmoja ana ukweli kidogo, ndo maana ubishi hauishi.

Jibu langu kwa kifupi ni hili: paka oili safi, nyepesi ya kutosha kuingia ndani ya viungo, kidogo kidogo, mara kwa mara, halafu futa yote iliyobaki juu. Kwa wengi wetu hiyo ni gia oili namba 90. Sasa twende taratibu tuone kwa nini, maana ukishajua sababu utaweza kujichagulia mwenyewe, uwe Dodoma kwenye vumbi au Rungwe kwenye mvua.

Hasara yenyewe iko wapi?

Wengi wanaona cheni ni spea ndogo. Ikiisha unanunua nyingine, maisha yanaendelea. Lakini mkulima wa biashara haibebi pikipiki kwa matembezi. Unabeba nyanya kutoka shambani Ilula kwenda barabarani kwenye lori, na lori halikusubiri. Unabeba madumu ya maziwa kwenda kituo cha kukusanyia, na maziwa ya asubuhi yasiyopozwa hayavumilii saa nyingi za jua. Unabeba vifaranga, miche, chanjo ndani ya kibaridi chenye barafu. Cheni ikikatika njiani, kilichoharibika ni mzigo, na pamoja nao ni neno lako kwa mnunuzi.

Kuna hasara ya pili, na hii ndo mbaya zaidi. Cheni ikikatika kwenye mwendo inaweza kujikunja na kujazana pale mbele kwenye sproketi ndogo, ikapasua kava la injini. Inaweza pia kubana tairi la nyuma likasimama ghafla. Ukiwa kwenye mteremko, na kreti nne nyuma, hapo hatuongelei tena bei ya spea. Tunaongelea shingo yako.

Kwa hiyo cheni iwekwe kwenye kundi moja na breki. Siyo kwenye kundi la rangi na vioo.

Cheni inaisha vipi?

Hapa ndipo penye siri yote, nisikilizeni vizuri.

Cheni ya pikipiki haijabadilika sana tangu Hans Renold alipoisajili kule Manchester, Uingereza, mwaka 1880. Ina bamba za pembeni, ina pini inayounganisha bamba hizo, pini inapita ndani ya bomba dogo linaloitwa bushi, na juu ya bushi kuna rola, ile inayokaa kwenye meno ya sproketi. Kila kiungo kinapojikunja kuzunguka sproketi, pini inasuguana na bushi kwa ndani. Huko ndani huwezi kuona kwa macho.

Watu wanasema cheni "imerefuka" kana kwamba chuma kimevutika kama mpira. Kumbe bamba ziko vilevile. Kilichotokea ni kwamba pini imelika na bushi imelika, nafasi imeongezeka kidogo kwenye kila kiungo. Cheni ya namba 428, ambayo iko kwenye pikipiki nyingi za cc 125 na 150, ina milimita 12.7 kutoka pini hadi pini. Kila kiungo kikilika robo milimita tu, kwenye cheni ya viungo 120 umeshaongeza kama sentimita 3. Ndo ule ulegevu unaokaza leo, na wiki ijayo umerudi.

Ukishaelewa hivyo, utaona kilainishi cha cheni kina kazi tatu. Kwanza, kiingie ndani kati ya pini na bushi. Pili, kizuie kutu kwa nje. Tatu, kisikusanye mchanga. Kilainishi chochote utakachopewa au kuuziwa, kipime kwa maswali hayo matatu: Kinaingia? Kinazuia kutu? Kinashika mchanga? Hapo hudanganyiki tena na rangi ya kopo.

Tuvipime kimoja kimoja

1. Grisi

Grisi inapendwa kwa sababu inaonekana. Ukipaka, cheni imejaa, unajisikia umefanya kazi. Inazuia kutu vizuri. Tatizo ni kwamba ni nzito mno kuingia kwenye ule upenyo mwembamba kati ya bamba na bamba kufika kwenye pini. Inabaki juu. Na ikibaki juu inashika kila punje ya mchanga unayopita nayo. Grisi ikichanganyika na mchanga unapata kitu kama ile dawa ya kusagia valvu wanayotumia mafundi wa injini. Sasa wewe umeipaka kwenye cheni, na sproketi inazunguka nayo siku nzima.

Ni kweli kwamba ndani ya cheni za bei kubwa kuna grisi. Lakini ile imewekwa kiwandani na kufungiwa kwa vipete vya mpira. Siyo ya kupaka kwa kidole.

2. Oili chafu

Hii ndo bingwa wa vijijini kwa sababu ni ya bure. Inaingia vizuri, hilo sikatai. Lakini oili inamwagwa kwenye injini kwa sababu imeshachoka: ina masizi, ina vumbi la chuma lililotoka kwenye klachi na gia, na ina tindikali kidogo inayotokana na kuungua kwa mafuta. Unachukua uchafu uliouondoa kwenye injini ili isilike, unaupeleka kwenye pini za cheni.

Kwa sisi wakulima kuna ubaya mwingine ambao dereva wa abiria haupati. Cheni inarusha mafuta. Yanaruka kwenye tairi, kwenye gunia la mchicha, kwenye tenga la nyanya, kwenye dumu la maziwa. Oili iliyotumika ina kemikali ambazo siyo za kukaa karibu na chakula, na ikigusa ngozi mara kwa mara kwa miaka inahusishwa na saratani ya ngozi. Kama unauza hoteli au sokoni kwa daraja la kwanza, alama moja nyeusi kwenye kreti inatosha mnunuzi kukushusha bei.

Na tafadhali, isimwagwe kwenye mfereji wala pembeni ya kisima. Ikusanye kwenye dumu, mpelekee fundi au kituo kinachoipokea.

3. Mafuta ya taa na dizeli

Haya ni ya kuoshea, siyo ya kulainishia. Yanaingia sana, yanalegeza uchafu, lakini utando wake ni mwepesi mno kubeba uzito wa cheni iliyovutwa na mzigo. Ukiosha cheni kwa mafuta ya taa ukaishia hapo, umeiacha uchi. Vivyo hivyo kwa zile spray za kufungulia nati zilizoshika kutu. Zinafaa kwa nati, kwenye cheni hazidumu.

Petroli usitumie hata kuoshea. Mvuke wake unashika moto kwa cheche ndogo tu, na inaharibu vipete vya mpira kwa cheni zenye navyo.

4. Mafuta ya kula

Singida na Dodoma nimekuta vijana wanapaka mafuta ya alizeti, kwa sababu yapo nyumbani. Siku ya kwanza yanalainisha vizuri kabisa. Lakini alizeti ikikutana na hewa na joto inaanza kuganda na kunata. Angalia pembeni ya chupa ya mafuta iliyokaa muda mrefu jikoni, ule utando unaonata. Ndo hicho hicho kinachotokea ndani ya viungo. Alizeti yako iuze, faida iko huko.

5. Oili mpya ya injini

Hapa sasa tumefika penye akili. Oili mpya, kwa mfano 20W50 uliyonunulia injini na ikabaki kidogo kwenye chupa, inaingia vizuri, ni safi, na inazuia kutu. Udhaifu wake ni kwamba inaruka mapema, kwa hiyo utarudia mara nyingi. Kama ndiyo uliyo nayo, tumia bila wasiwasi.

6. Gia oili namba 90

Hii ndiyo ninayoitumia mimi mwenyewe. Vitabu vya baadhi ya pikipiki kutoka kiwandani vinataja gia oili ya SAE 80 au 90 kwa ajili ya cheni. Imetengenezwa kwa ajili ya meno ya gia yanayogandamizana kwa nguvu kubwa, na pini ya cheni iko kwenye hali hiyohiyo.

Watu wengine wanaogopa namba: "90 si nzito sana, bwana shamba?" Hapana. Namba za gia oili zinatumia kipimo tofauti na namba za oili ya injini. Gia oili 90 kwa uzito inakaribiana na oili ya injini ya 40 au 50. Inaingia ndani bila shida, hasa cheni ikiwa na joto.

7. Spray maalumu ya cheni

Ni nzuri, na ukiwa na hela hakuna ubaya. Inatoka nyepesi, inaingia, kisha kile kiyeyushi kinakauka na kuacha kilainishi kizito ndani. Za aina ya nta zinashika vumbi kidogo kuliko zile zinazonata. Mambo mawili tu: unahitaji kuiacha ikauke kabla ya kuendesha, na kwa pikipiki ya kazi inayopakwa kila wiki, gharama inapanda haraka. Nunua duka unaloliamini, maana kopo zuri siyo ushahidi wa kilichomo.

8. Kutopaka kabisa

Yule anayesema "mafuta yanashika mchanga" ana nusu ya ukweli. Mafuta yaliyobaki juu ndiyo yanayoshika mchanga. Yaliyoingia ndani hayashiki. Dawa ni kufuta ya juu, siyo kuacha pini zisagane kavu kwa kavu.

Chagua kulingana na njia yako

Kama tunavyochagua mbegu kwa kuangalia mvua ya eneo, kilainishi nacho kinategemea njia unayopita.

Vumbi la kiangazi. Kwa walioko Dodoma, Singida, Manyara na kwingine kwenye vumbi jepesi: gia oili, kidogo sana, na kufuta kwa nguvu mpaka kitambaa kitoke na weusi kidogo tu. Spray ya nta inafaa hapa kuliko kwingine kote. Usipake asubuhi ukaondoka. Paka jioni.

Matope na mvua. Rungwe, Njombe, Lushoto wakati wa masika: maji na tope vinasukuma mafuta nje. Hapa siyo suala la kilainishi kizito zaidi, ni suala la mara ngapi. Siku uliyopita kwenye maji au tope, jioni hiyo hiyo paka tena. Kuvuka mto ukalala na cheni yenye maji ni kualika kutu.

Pwani. Mkuranga, Bagamoyo, Tanga mjini, Mtwara: hewa ya chumvi inaleta kutu hata kama pikipiki imesimama. Acha utando mwembamba kidogo nje ya bamba, usifute mpaka kukauka kabisa.

Mzigo wa chakula. Popote ulipo, kama unabeba maziwa, mboga au matunda: oili safi tu, futa vizuri, na kava la cheni likae mahali pake. Hili kava vijana wengi wanalifungua wanalitupa ili pikipiki "ipendeze". Pikipiki nyingine hutoka kiwandani na kava linalofunika cheni yote, juu na chini. Ukiwa nalo, una bahati. Linazuia vumbi lisiingie na mafuta yasiruke. Lirudishe.

Kuna kijana mmoja mfugaji anayekusanya maziwa asubuhi kwa majirani zake. Alikuwa ananiambia, "Shikamoo bwana shamba, mimi hizi cheni za siku hizi siziamini, zote feki." Nikamwitikia, nikainama kuangalia pikipiki. Kava hakuna, grisi imechanganyika na mchanga mwekundu mpaka huoni rola. Nikamwambia, "Mdogo wangu, feki zipo, sikatai. Lakini hata ukiletewa ya dhahabu, kwa mchanga huu utaila." Tukaiosha pamoja. Sproketi ya mbele meno yalishainama kama ndoana. Cheni alikuwa amebadilisha, sproketi hajabadilisha. Kwa hiyo kila cheni mpya aliyofunga ililiwa na meno ya zamani. Na hapo ndo tunajifunza kanuni nyingine: cheni na sproketi zote mbili zinabadilishwa pamoja, seti nzima.

Namna ya kupaka, hatua kwa hatua

Vifaa: mafuta ya taa kikombe kimoja, mswaki wa zamani, matambara mawili, gia oili, na kikopo chenye mdomo mwembamba kama kile cha mafuta ya cherehani. Huna kikopo? Bomba la sindano jipya bila sindano linafanya kazi safi sana, kwa sababu unahesabu tone kwa tone. Ila likishaguswa na oili liwekwe kwenye boksi la spana, lisirudi kamwe kwenye dawa za mifugo.

Kwanza, zima injini na utoe ufunguo. Narudia: zima injini. Kuna tabia ya kuweka stendi kubwa, kuwasha, kuingiza gia, halafu kushikilia tambara kwenye cheni inayozunguka. Tambara likishikwa, vidole vinafuata hadi kwenye sproketi. Vidole havioti tena. Zungusha tairi kwa mkono, gia ikiwa nyutro.

Pili, osha. Mswaki na mafuta ya taa, pande zote nne za cheni. Usitumie brashi ya waya. Weka chombo chini kukinga uchafu. Hii siyo ya kila mara, ni pale cheni inapokuwa chafu.

Tatu, futa mpaka ikauke. Subiri kidogo mafuta ya taa yakauke ndani, la sivyo yataifanya oili yako kuwa nyepesi mno.

Nne, paka. Tafuta ile loki ya cheni ndiyo iwe alama yako ya kuanzia. Dondosha kwenye sehemu ya chini ya cheni, upande wa ndani unaotazama juu, pale bamba la ndani linapokutana na bamba la nje. Tone moja kulia, tone moja kushoto, kila kiungo. Kwa nini upande wa ndani? Kwa sababu cheni ikizunguka kwa kasi inarusha oili kuelekea nje, kwa hiyo inapita kwenye pini badala ya kuruka hewani. Usimwage katikati ya rola tu, huko haifiki panapoumia.

Tano, zungusha tairi mara kadhaa na uache usiku mzima. Muda mzuri ni jioni ukitoka kazini, cheni ikiwa bado na joto. Oili inaingia polepole wakati wewe umelala.

Sita, asubuhi futa yote ya juu kwa tambara kavu. Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi, na ndiyo inayotofautisha cheni safi na cheni yenye mchanga. Futa pia tairi na ringi kama kuna iliyodondoka. Oili kwenye tairi ni ajali.

Ukiwa hapo, angalia ile loki. Upande wake uliofungwa unatakiwa utazame mwelekeo wa mwendo wa cheni. Ikigeuzwa, kitu chochote kikiikwangua kinaweza kuichomoa.

Mara ngapi?

Vitabu vingi vinataja kila kilomita 500 hivi kwenye hali ya kawaida. Njia zetu siyo hali ya kawaida. Mimi nawashauri siku moja maalumu ya wiki. Chagua, iwe Jumamosi jioni au siku ya mnada, iwe kama ratiba ya kuogesha ng'ombe. Ongeza na siku yoyote uliyopita kwenye maji, tope, au uliyoosha pikipiki kwa mashine ya presha. Na mashine hiyo usiielekeze moja kwa moja kwenye cheni. Inasukuma maji ndani na oili nje.

Kuhusu vipete vya mpira: chungulia kati ya bamba na bamba. Ukiona kiduara cheusi cha mpira kwenye kila kiungo, cheni yako ni ya oringi. Hiyo ina grisi yake ndani kutoka kiwandani. Kazi yako ni kuisafisha kwa upole na kupaka gia oili kidogo nje, ili mpira usikauke na bamba zisishike kutu. Pikipiki zetu nyingi ndogo za kazi zina cheni ya kawaida isiyo na mpira, na hiyo inakutegemea wewe kabisa.

Ulegevu nao

Oili haiwezi kuokoa cheni iliyokazwa vibaya. Pikipiki nyingi ndogo zinahitaji mchezo wa milimita 20 hadi 30 katikati ya cheni ya chini, ukiisukuma juu na chini kwa kidole. Kipimo halisi cha yako kiko kwenye kitabu, au kwenye kibandiko pembeni ya mkono wa tairi la nyuma. Zungusha tairi uipime sehemu kadhaa, maana cheni hailiki sawa kote. Pima pale ilipobana zaidi.

Msikaze kama waya wa gitaa. Ukipakia gunia, springi za nyuma zinashuka na cheni inazidi kubana. Ikiwa tayari imebana, mzigo wote unahamia kwenye bearing za gia na za tairi. Na alama za kushoto na kulia ziwe sawa, la sivyo tairi linakaa upande na cheni inakula meno kwa pembeni.

Lini uache kupaka, ununue?

Chukua tepu. Vuta cheni ikazike, hesabu viungo 20, yaani kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya 21. Cheni mpya ya 428 inasoma milimita 254, sawa na inchi 10 kamili. Ikifika karibu 259, imelika kama asilimia 2, imekwisha. Kama huna tepu, shika cheni kule nyuma kabisa ya sproketi kubwa, ivute kuelekea nyuma. Ukiona zaidi ya nusu ya jino, hesabu imeisha. Viungo vilivyokakamaa visivyojikunja hata baada ya kuosha na kupaka, nalo ni jibu.

Hesabu ya mfukoni

Kila mnapoanza biashara nawaambia andikeni gharama. Hii nayo iandikwe. Kwa kupaka tone kwa tone hutumii zaidi ya kijiko kikubwa kimoja, kama mililita 15. Lita moja ya gia oili inakupa zaidi ya mara 60. Ukipaka mara moja kwa wiki, hiyo ni zaidi ya mwaka mzima. Sasa chukua bei ya lita ya gia oili dukani kwenu, weka pembeni bei ya seti ya cheni na sproketi mbili pamoja na ufundi, halafu ongeza thamani ya mzigo mmoja tu uliochelewa. Kalamu itakuonyesha yenyewe. Oili chafu ni ya bure kwenye dumu tu, kwenye daftari siyo ya bure.

Andika tarehe uliyofunga cheni mpya na kilomita zilizosomeka. Ukifanya hivyo kwa seti mbili tatu, utakuwa na takwimu zako mwenyewe, za njia yako na mzigo wako, na hapo hakuna muuza spea wala bwana shamba atakayekuzidi kwa maneno.

Kwa hiyo wiki hii nawapa kazi moja. Kabla ya safari ya soko inayofuata, piga magoti nyuma ya pikipiki, zungusha tairi kwa mkono na usikilize. Ikikwaruza, unajua cha kufanya jioni. Ikiwa kimya, futa vumbi, kaza kamba za mzigo, ondoka.

Kazi njema, na barabara iwe salama.